Usipime Majani kwa Ukubwa wa Mzigo

Pita jioni njia za Rulenge kule Ngara, au Nyakahura kule Biharamulo. Utakutana na watu wakitoka shamba na mizigo ya majani kichwani. Mwenye mzigo mkubwa ndiye huhesabiwa mfugaji hodari. Leo tujiulize: ndani ya mzigo huo ng'ombe anapata nini?

Majani mabichi, sehemu kubwa ni maji. Kilo 10 za majani ya tembo yaliyo machanga zikikaushwa hubaki kama kilo 2, na humo protini haizidi sana gramu 200. Kilo 10 za lusina, ambayo wengine huiita alfalfa, hubaki kiasi kama hicho, lakini protini yake hufikia gramu 400. Nayo majani ya tembo yakiachwa yapite kimo cha mtu, mzigo unakua, mashina yanakuwa magumu, protini inapungua. Ng'ombe anashiba, ndoo haijai.

Je, tung'oe majani ya tembo? La hasha. Kwa wingi wa chakula katika ekari moja, lusina haiyafikii. Tena lusina ina masharti: haitaki maji yanayotuama wala udongo wenye tindikali. Kwenye miteremko ambayo mvua imeiosha miaka mingi, huota ikawa njano na kufa. Hapo ni afadhali desmodiamu, ambayo huvumilia zaidi. Kwa hiyo pimisha udongo kabla ya kununua mbegu.

Hata lusina zenyewe hazifanani. Zipo aina za nchi za baridi ambazo hulala siku zikiwa fupi. Hizo kwetu hutoa kidogo. Tafuta zisizolala, kama CUF 101, ambayo pia huhimili baadhi ya vidukari.

Vuna lusina inapoanza kutoa maua. Iache inyauke kwanza, kisha uichanganye na majani ya tembo, fungu moja kwa matatu. Ng'ombe akila lusina mbichi tupu, tumbo huweza kujaa gesi, na hiyo huua upesi.

Usiniamini mimi tu. Panda vishamba vidogo viwili vilivyo sawa, pima kwa mizani kila ukatapo, na angalia maziwa. Endelea mpaka kiangazi cha Juni hadi Agosti kipite, maana mvuani kila jani huonekana zuri.

Wengi wetu tumepata mtamba kwa mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Ng'ombe huyo akikonda kiangazi, hashiki mimba mapema. Ndama wa kulipia deni anachelewa, na watoto wanakunywa uji mkavu. Wahenga walisema ng'ombe hanenepi siku ya mnada. Anza kupanda sasa, mvua zingalipo.