Gari Likikataa Mlimani, Si Lazima Iwe Klachi



Msimu uliopita mwenzetu mmoja wa Pemba alipatwa na mkasa ambao twaona yafaa kuueleza hapa, kwa kuwa wengi wetu bado twatumia Land Rover za zamani kuteremshia karafuu. Gari lake lilikuwa likipanda kilima wakati wa magharibi, limejaa magunia ya karafuu mbichi. Ukasikika mlio wa chuma kukatika, na gari likasita. Injini yanguruma, gia imo, pedeli imeachiwa, na gari haliendi. Dereva akavuta breki ya mkono, lakini gari likaanza kurudi nyuma. Lau si utingo kuwahi kutupa gogo nyuma ya gurudumu, leo tungekuwa twaeleza habari nyengine.

Fundi aliyeitwa hakuuliza neno. Alisema klachi imekwisha. Na kila mwenye gari hili aijua kazi ya kutoa giaboksi yake: viti vitolewe, sakafu ifunguliwe, kisha giaboksi ipitishwe ndani ya gari. Siku mbili zikapotea, sahani mpya ya klachi ikanunuliwa na kufungwa, na gari halikwenda hata shubiri moja. Karafuu nazo zilikwisha chemka ndani ya magunia, rangi imeharibika.

Kilichokatika kilikuwa hafushafti, yaani kimoja katika vile vyuma viwili virefu vilivyomo ndani ya ekseli ya nyuma, ambavyo hupeleka nguvu kutoka kwenye difu mpaka kwenye magurudumu. Katika Land Rover zilizotengenezwa tangu 1958 mpaka 1985, hapo ni mahali dhaifu panapojulikana, na shehena ya magunia mlimani haipasamehe.

Ile breki ya mkono ilikuwa imekwisha kusema kila kitu. Katika magari haya breki hiyo haishiki magurudumu. Hushika shafti ya propela inapotoka kwenye giaboksi. Hafushafti moja ikikatika, propela hubaki imeshikwa barabara na magurudumu yakazunguka yatakavyo. Kuegesha gari katika gia nako hakusaidii. Klachi iliyokwisha haiwezi kuifanya breki ya mkono iache kushika. Basi gari likikataa na breki ya mkono ikakataa papo hapo, kanyaga breki ya mguu, tia mawe nyuma ya magurudumu kabla mtu yeyote hajapita nyuma ya gari, ndipo uanze kutafuta ugonjwa.

Utafutaji wenyewe ni wa dakika chache. Kwanza tazama ule mkono mwekundu usije ukawa umesimama katikati, maana hapo gari haliendi na hapana kilichovunjika. (Tumewahi kuona watu wazima wakilisukuma gari kwa sababu hiyo, na sisi tulikuwamo.) Kisha, mawe yakiwa yamekaza magurudumu yote na breki ya mkono imeachiwa, dereva atie gia ya kwanza na kuachia klachi polepole, na mwengine achungulie kwa ubavuni, asiingie chini. Ikiwa propela ya nyuma yazunguka na magurudumu yamesimama, ugonjwa uko nyuma yake, na klachi haina kosa. Ikiwa propela haizunguki, hapo ndipo penye haki ya kuishuku klachi au giaboksi.

Akishajua kuwa ni hafushafti, dereva na abonyeze kile kishikio cha manjano ili magurudumu ya mbele yapate nguvu. Gari litakwenda, na breki ya mkono itashika kwa kupitia mbele. Lakini shusha mzigo, na ikiwezekana fungua propela ya nyuma, kwani vipande vilivyokatika vyaweza kuiharibu difu. Kishikio hicho kisisahauliwe. Ukifika barabara ya lami simama, uvute mkono mwekundu nyuma kisha uurudishe mbele, nacho kitainuka. Kukimbia juu ya lami na magurudumu manne yamefungwa pamoja ni njia moja ya kuzichosha hafushafti na gia.

Klachi yenyewe ina dalili zake, nazo haziji kwa mlio mmoja. Ikichakaa huteleza: injini hupanda sauti na mwendo hauongezeki, na mlimani husikika harufu ya kuungua. Ukitaka hakika, kaza breki ya mkono na mawe, tia gia ya juu, achia pedeli. Injini isipozimika, klachi yateleza. Kabla ya kununua sahani, angalia kile kitundu kilicho chini ya nyumba ya klachi. Kizibo chake ni cha kuvukia maji tu. Siku nyengine kiwe kimetolewa, ili oili inayovuja ionekane. Sahani iliyolowa oili itateleza hata ikiwa mpya, na ukiibadili bila ya kuziba uvujaji umetupa fedha.

Na ikiwa gia zakwaruza, khasa ya kurudi nyuma, klachi haiachii. Tazama kikopo cha mafuta ya breki kwanza. Mtu mmoja tunayemjua alikijaza oili ya injini kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo dukani. Mipira yote ikavimba, na pedeli ikabidi iinuliwe kwa kidole cha mguu.

Ama mwenzetu wa Pemba, hafushafti ilibadilishwa asubuhi moja, bila ya kugusa giaboksi. Ile sahani ya zamani aliyoitoa tuliipima: ilikuwa bado nene, na ameiweka ghalani kuwa akiba.