Kiatu Kilichogeuka Kitoweo

Nikiulizwa ni sinema gani ya kuchekesha isiyochuja, najibu bila kusita: "The Gold Rush" ya Charlie Chaplin, ya mwaka wa 1925. Chaplin, mtafuta dhahabu, amekwama kibandani kwenye theluji. Njaa imembana, basi anachemsha kiatu chake! Anakipakua kwa adabu, anakula kamba kama tambi, ananyonya misumari kama mifupa ya kuku.

Kwa nini haichoshi? Kwanza, ni vitendo vitupu. Hata nyanya yangu asiyejua Kiingereza huvunjika mbavu. Pili, njaa yenyewe si mzaha. Kuna siku narudi nyumbani saa saba, nafunua sufuria, ndani hamna kitu. Hapo namkumbuka Chaplin, natabasamu, narudi darasani. Jamani, kicheko hakishibishi, lakini kinakufikisha jioni.