Land Rover ya springi za majani: kaza boliti gari ikiwa chini

Lami ya Nzega–Puge–Tabora ilikuja miaka ya 2010, ila ukikata kwenda vijijini makorongo ni yale yale, na Land Rover Series II na III zinaumia mbele. Mimi nazitengeneza hivi:

1. Piga jeki, kisha egemeza chasisi kwenye magogo imara. Jeki peke yake inaua.

2. Tia alama springi za mbele. Ya upande wa dereva imepinda zaidi kwa sababu inabeba uzito zaidi. Ukizibadilisha pande, gari linalala.

3. Bushi ni mpira kati ya mabomba mawili ya chuma. Usipake grisi, inaozesha mpira.

4. Hapa ndipo wengi wanaliwa hela. Boliti za springi kaza mwisho, gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukikaza magurudumu yakining'inia, gari likishuka mpira unajisokota na kuchanika mapema.

Fundi akikwambia "tayari bosi" na gari bado liko juu, mwambie alegeze, ashushe, akaze upya. Wenye uzoefu, tiririkeni hapo chini.