Kabla hujalipia kiwanja, pita maktaba

"Shikamoo mama. Naulizia magazeti ya zamani."

"Marahaba baba. Ya lini?"

"Ya yale mafuriko ya Jangwani. Yale makubwa."

Mkutubi hakuuliza mafuriko yapi. Aliandika "Desemba 2011" kwenye kipande cha karatasi, akampa kijana wa stoo, na baada ya kama robo saa likaletwa jalada kubwa jeusi, zito, limeshonwa kwa uzi mnene, kurasa zake zimeanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Jamaa aliyeliomba ni fundi wa madirisha ya alumini. Alikuwa ameonyeshwa kiwanja na dalali katika bonde mojawapo la Dar es Salaam. Bei nzuri, barabara ipo, umeme uko nguzo ya pili. Dalali kaapa kwamba maji hayajawahi kufika pale. Fundi akaona haina haja ya kubishana na mtu anayetafuta riziki yake. Akaja kuuliza karatasi.

Nilikuwa nimekaa meza ya jirani, nikaacha kazi yangu nikamtazama. Alifunua kurasa kwa viganja vyote viwili, maana karatasi ya gazeti ikishakaa miaka huchanika ukiivuta kwa pembe. Akafika Jumatano ya tarehe 21. Watu juu ya mapaa. Mto Msimbazi umepanda juu ya Barabara ya Morogoro. Siku zilizofuata, habari za waliokufa, ambao walizidi 40. Kauli ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kwamba Dar es Salaam haijaona mvua ya namna ile tangu 1954. Kisha familia zinapelekwa Mabwepande kuanza upya. Yeye hakuwa anasoma habari kubwa. Alikuwa anapitisha kidole kwenye safu akitafuta jina la mtaa. Akalikuta ukurasa wa ndani, mistari miwili tu, ikiorodhesha mitaa iliyozama. Akaupiga picha ukurasa kwa simu, akafunga jalada polepole, akashukuru, akaondoka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwambia kila anayetafuta kiwanja mjini: kabla hujaenda kwa mwanasheria, kabla hujamwita mjumbe wala mwenyekiti wa mtaa kushuhudia, nenda maktaba. Omba magazeti ya mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998, wakati wa mvua za El Niño. Omba ya Desemba 2011. Kama unataka shamba bondeni Rufiji, omba ya Aprili 2024, maji yalipofunika vijiji vya Rufiji na Kibiti. Muuzaji anaweza kusahau, na jirani anaweza kuogopa kumharibia mwenzake biashara. Gazeti lililojalidiwa halimwogopi mtu.

Wengi wetu tumeachana na maktaba siku tuliyomaliza shule. Tukipita nje tunaona vijana wenye sare na madaftari, tunajiambia hapo ni pa watoto wa mitihani. Kweli, Septemba darasa la saba wakikaribia chumba cha mitihani, Novemba kidato cha nne, Mei kidato cha sita, huwezi kupata kiti. Lakini mwanafunzi ana mwalimu wa kumuuliza. Ni sisi watu wazima tusio na wa kumuuliza, tunaoamka kila msimu na swali jipya: nipande lini, kuku wangu wanakufa na nini, kodi hii nalipa lini, mirathi ya marehemu baba inaanzia wapi. Maktaba ya umma ilijengwa kwa ajili ya maswali haya, nasi tumewaachia watoto meza zote.

Chukua suala la mvua. Kila mwaka, kabla ya masika, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa msimu. Hufanya hivyo tena kabla ya vuli, na tena kwa mikoa inayopata mvua mara moja kwa mwaka, kama Dodoma, Singida, Mbeya na Ruvuma, ambako msimu huanza Novemba na kwisha Aprili. Taarifa yenyewe iko kwa Kiswahili, ina ramani, inataja kanda kwa kanda. Ila inayotufikia wengi ni sauti ya WhatsApp iliyokwisha kusambazwa mara mia, ya mtu asiyejitaja, anayesema mwaka huu ni gharika au mwaka huu ni jua tupu.

Kwenye taarifa hiyo kuna maneno ambayo mkulima akiyasoma peke yake yanaweza kumpoteza: "wastani hadi juu ya wastani". Niliwahi kumsikia mkutubi akimfafanulia mzee mmoja, kalamu mkononi. Wastani unaotajwa ni wa mahali penyewe, umepigwa kutokana na kumbukumbu za miaka mingi. Mvua ya juu ya wastani Dodoma bado inaweza kuwa ndogo kuliko ya chini ya wastani Bukoba. Kwa hiyo, mzee, usiangalie neno "juu" ukakimbilia kununua mbegu ya mahindi ya muda mrefu; angalia mvua inatarajiwa kuanza wiki gani na kukoma wiki gani, halafu linganisha na siku za mbegu yako. Mzee akahesabu kwa vidole siku za mbegu yake, akasema basi mwaka huu namwaga mtama. Mazungumzo yale hayakufika dakika kumi, na pengine yaliokoa magunia kadhaa.

Kuna ufunguo mdogo ambao ningependa kila mtu mzima atembee nao. Vitabu vya maktaba nyingi duniani hupangwa kwa namba za Mmarekani Melvil Dewey, aliyeutoa mpango wake mwaka 1876. Namba ile iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu ni anwani. Kilimo kinakaa 630. Mifugo ni 636, na ukisogea hadi 636.5 umefika kwa kuku. Chakula na mapishi ni 641, tiba 610, sheria 340. Ukizishika namba hizo, huhitaji kuzunguka kwenye rafu kama mgeni stendi. Viwavijeshi vamizi vilipoingia kwenye mahindi yetu mwaka 2017, watu wengi walinunua dawa ya kwanza waliyoonyeshwa dukani. Kwenye rafu za 630 na kwenye makabati ya vipeperushi ndipo mahali pa kuanza kumjua mdudu, hatua zake, na saa gani ya siku anatoka kula, kabla hujafungua pochi.

Sheria nayo. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinatajwa kila siku kwenye mabaraza, na wanaozitaja wengi hawajawahi kuzishika mkononi. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kisingizio cha lugha kinazidi kupungua. Mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi kwa makadirio angefurahi kuzikuta tarehe zake nne zimebandikwa ukutani kwa herufi kubwa: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba, 31 Desemba. Ubao wa matangazo wa maktaba ungebadilishwa kila mwezi kufuata kalenda ya wananchi, kodi wakati wa kodi, chanjo wakati wa chanjo, mvua wakati wa mvua, watu wangeingia hata kama hawakupanga kusoma kitabu.

Hili si wazo la kuazima ughaibuni. Maktaba Kuu ya Taifa pale Mtaa wa Bibi Titi Mohamed ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sikukuu ya Uhuru, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Miaka sita baadaye, kati ya Mei na Agosti 1973, ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: wiki 12 za vikundi vijijini vinavyosikiliza redio pamoja, vinasoma kijitabu, vinajadili, kisha vinakwenda kufanya. Walishiriki watu wapatao milioni mbili. Tazama miezi iliyochaguliwa: masika yanakatika, na ardhi inayokauka ndiyo ya kuchimbia choo. Waliopanga walijua kwamba ujuzi una msimu wake kama mbegu. Maktaba za vijijini zilizofunguliwa miaka ile kumfuata mtu mzima aliyejifunza kusoma zilitokana na fikra hiyo hiyo, na nyingi zimekufa tukiziangalia.

Majirani zetu Kenya walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1996, Garissa, shirika lao la maktaba lilianza kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia: mmoja amebeba masanduku ya vitabu, mwingine hema la kusomea. Mfugaji anahama kufuata majani, basi maktaba ikakubali nayo kuhama.

Sasa lawama, na naitoa kwa mapenzi. Mwaka jana nilifika maktaba moja ya wilaya, siitaji, nikiwa natafuta gazeti la masika ya miaka kumi nyuma. Jumamosi, saa saba mchana, mlango una kufuli. Nikarudi Jumatatu. Mkutubi alinipokea vizuri, akanipeleka chumba cha nyuma, na hapo nikaona magazeti yamefungwa kamba ya katani, yamelundikwa sakafuni hadi kiunoni, hayajajalidiwa. Rundo la chini mchwa wameshalitengenezea njia. Nilipoinua lile la juu, nusu ya ukurasa wa mbele ilibaki mkononi, nyingine ikamwagika kama unga. Yule dada hakuwa na la kusema. Ameomba fedha za kujalidi, hazijaja.

Gharama ya kujalidi magazeti ya mwaka mzima si kubwa mbele ya bajeti ya halmashauri, na haiwezi kulinganishwa na gharama ya kujenga upya nyumba iliyosombwa. Madiwani wanaokaa kupitisha makadirio wayatazame marundo hayo kwa macho yao kabla ya kupiga kura. Na saa za kufungua zipangwe upya. Fundi, mama wa genge, dereva wa bodaboda, hao wote wana nafasi Jumamosi mchana na Jumapili, saa zile zile ambazo pale niliona kufuli.

Kwa wakutubi nina neno moja tu. Mtu mzima anayeingia akasimama mlangoni, anatazama huku na huku, mkono mfukoni, hajui aanzie wapi, huyo ndiye mgeni wenu mkubwa. Mfuateni ninyi. Akishaulizwa "Karibu baba, nikusaidie nini?" atasema lililomleta. Asipoulizwa atageuka, na hatarudi.

Nawe msomaji, kama kuna kiwanja umeonyeshwa wiki hii na dalali anakusukuma ulipe kabla ya mvua, mwambie akusubiri siku moja. Nenda maktaba, acha mkoba mlangoni kama wanavyotaka, omba majalada ya miezi niliyokutajia. Ukalitafute jina la mtaa.