Mizani Yako, Mwiko wa Mwenzio

Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, Marekani ilianza kuwa na uhaba wa nyama. Minofu mizuri ilipelekwa kwa askari, na raia waliobaki nyumbani wakaombwa wale moyo, figo na nyama nyingine za ndani ambazo familia nyingi za huko zilikuwa zikizikunjia pua. Miongoni mwa waliopewa kazi ya kutafuta njia ya kuwashawishi alikuwa Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1933 na ambaye wakati huo alikuwa Chuo Kikuu cha Iowa. Lewin hakuanza na walaji. Alianza na akina mama wa nyumbani. Chakula, alieleza, hufika mezani baada ya kupita milango kadhaa: duka, bustani, kabati, jiko. Kila mlango una mlinzi wake. Baba na watoto wanaweza kupenda na kuchukia watakavyo, lakini mlinzi asipofungua, hakipiti kitu.

Akachukua vikundi sita vya wanawake waliokuwa wakijitolea katika Msalaba Mwekundu. Vitatu vilipewa mhadhara uliopangwa vizuri juu ya vitamini, madini, uzalendo na namna ya kupika nyama hizo. Vitatu vingine vilikalishwa vijadili wenyewe: kwa nini mume atagoma, harufu itaondolewaje, watoto watasemaje. Mwisho walioamua kujaribu walinyoosha mikono. Baadaye kila mmoja alifuatwa na kuulizwa alichopika. Katika vikundi vya mhadhara, asilimia 3 tu ndio waliokuwa wamepika nyama ambayo hawajawahi kuipika kabla. Katika vikundi vya majadiliano walikuwa asilimia 32.

Zaidi ya miaka themanini imepita tangu Lewin achapishe kazi hiyo, na leo tatizo la nyumba nyingi si uhaba wa nyama bali wingi wa kilo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2022 watu wazima bilioni 2.5 walikuwa na uzito uliozidi, wakiwamo milioni 890 wenye unene wa kupindukia. Nchini Tanzania, wanawake wa umri wa kuzaa wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 18 katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2004–05. Kufikia ule wa 2015–16 walikuwa asilimia 28. Kenya, mwaka 2014, walikuwa asilimia 33. Ushauri wanaopewa karibu wote unamchukulia mtu kana kwamba anajinunulia, anajipikia na kujipakulia. Kumbe kwa wengi, hasa wanaume waliooa, lakini pia wanawake wanaopikiwa na mume, mama mkwe au dada wa kazi, chakula cha jioni huamuliwa saa mbili kabla hawajafika nyumbani.

Ndoa ikikubali

Mtu akioa au kuolewa kisha akajaza mashavu, majirani husema ndoa imemkubali. Sayansi inawaunga mkono zaidi ya walivyotarajia. Andrea Meltzer na wenzake walifuatilia jozi 169 za wanandoa wapya nchini Marekani kwa miaka minne, wakiwauliza mara kwa mara kuhusu furaha ya ndoa yao na uzito wao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa walioridhika zaidi na ndoa ndio walioongezeka zaidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba mtu aliyetulia katika ndoa hana tena shinikizo la kujiweka sawa ili apate mwenza mwingine.

Lakini kamba ya ndoa huvuta pande zote mbili. Mwaka 2015 watafiti wa London walichapisha uchambuzi wa jozi zaidi ya 3,700 za wenza wenye umri wa miaka 50 na kuendelea nchini Uingereza. Miongoni mwa wanaume wenye uzito uliozidi ambao wenza wao walipungua, asilimia 26 nao walipungua. Ambao wenza wao hawakupungua, ni asilimia 10 tu waliofanikiwa. Kwa wanawake tofauti ilikuwa asilimia 36 dhidi ya 15.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulitoka kwa watu ambao hata hawakuandikishwa kupungua. Katika jaribio kubwa la Marekani lililoitwa Look AHEAD, watu zaidi ya 5,000 wenye kisukari cha aina ya pili waligawanywa: wengine walipata mafunzo makali ya kula na kufanya mazoezi, wengine elimu ya kawaida. Amy Gorin na wenzake waliwapima pia wenza wa washiriki, watu waliobaki nyumbani bila kufundishwa chochote. Baada ya mwaka mmoja, wenza wa kundi la mafunzo makali walikuwa wamepungua wastani wa kilo 2.2. Wa kundi la pili walipungua kilo 0.2. Sufuria ilipobadilika, ilibadilika kwa wote.

Kalori zisizoonekana

Mpishi wa mchuzi hapimi mafuta kwa kijiko. Anainamisha dumu juu ya sufuria na kukadiria kwa macho, hadi kitunguu kiogelee. Kitunguu kikigeuka rangi inafuata nyanya, na nyanya hukaangwa hadi mafuta yajitenge na kupanda juu yakiwa mekundu. Hiyo ndiyo alama kwamba mchuzi umeiva. Mlaji anapofika mezani anaona nyama vipande viwili, wali, na mchicha pembeni. Mafuta hayaoni.

Na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori zipatazo 120, karibu sawa na gramu 90 za wali mweupe. Mafuta ya alizeti, ya mawese, ya nazi au ya zeituni hayatofautiani katika hili. Hutofautiana kwa athari zake kwenye moyo, si kwa kalori. Kikombe cha tui zito huweza kubeba kalori 500. Chapati inayopakwa mafuta katikati ya tabaka, ikakunjwa na kukaangwa kwa mafuta mengine, inaongeza kalori za kijiko kizima juu ya zile za unga.

Haishangazi, basi, kwamba watu hukosea wanapojihesabia. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwapima watu walioapa kwamba wanakula kidogo sana lakini hawapungui. Kwa kutumia maji yenye atomi maalumu zinazoonyesha nishati ambayo mwili umetumia kweli, waligundua kwamba watu hao walikuwa wakila karibu mara mbili ya walivyoripoti: walipunguza hesabu kwa asilimia 47. Kama mtu anayejichagulia chakula anakosea kiasi hicho, anayepikiwa ana nafasi ndogo zaidi. Programu ya simu itamwambia kalori za sahani ya wali. Haiwezi kujua dumu liliinamishwa kwa muda gani.

Kipimo rahisi zaidi hakipo kwenye sahani, kipo dukani. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa gramu zipatazo 920, yaani kalori zinazokaribia 8,300. Familia ya watu wanne inayoimaliza kwa wiki moja inampa kila mmoja takriban kalori 300 kwa siku kutokana na mafuta peke yake, mradi hayamwagwi baada ya kukaangia. Lita hiyo ikidumu wiki mbili, kila mtu amepunguza kalori karibu 150 kwa siku bila kuacha ugali wala wali.

Je, kalori 150 zina maana yoyote? Kevin Hall wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na wenzake walikokotoa mwaka 2011 kwamba, kwa mtu mzima mwenye uzito uliozidi, kila punguzo la kudumu la kalori 24 kwa siku huishia kwenye kilo moja ya mwili. Nusu yake huondoka ndani ya mwaka mmoja, na karibu yote ndani ya miaka mitatu. Kwa hesabu hiyo, kalori 150 ni kilo sita hivi, tatu kati yake katika mwaka wa kwanza. Ni mwendo wa pole kwa mwenye harusi mwezi ujao, lakini haumlazimishi yeyote kulala njaa.

Wingi wa sufuria

Barbara Rolls, mtafiti wa lishe wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, ametumia miongo kadhaa akichunguza kinachomfanya mtu aache kula. Mwaka 2002 aliwapa watu wazima 51 tambi zenye jibini kwa vipimo tofauti, kuanzia gramu 500 hadi 1,000. Walipowekewa kipimo kikubwa zaidi, walikula nishati ya asilimia 30 zaidi kuliko kwenye kipimo kidogo, na chini ya nusu yao ndio waliotambua kwamba vipimo vilitofautiana. Baadhi walipewa chakula kikiwa kimeshapakuliwa. Wengine walijipakulia kutoka kwenye bakuli. Haikuleta tofauti. Kwa hiyo "niache nijipakulie mwenyewe" si dawa, kama bakuli lililoko mezani ni la watu wanane na mezani mpo wanne. Kwenye sinia la pamoja ni vigumu zaidi, maana hakuna anayejua mpaka wake uliishia wapi.

Ushauri maarufu wa kutumia sahani ndogo nao uchukuliwe kwa tahadhari. Aliyeutangaza kuliko wote, Brian Wansink wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliondoka chuoni mwaka 2019 baada ya uchunguzi kumkuta na utovu wa maadili ya utafiti na makala zake zaidi ya kumi kufutwa na majarida.

Jaribio jingine la maabara ya Rolls, la mwaka 2011, lina faida zaidi kwa mpishi. Watu wazima 41 walipikiwa vyakula walivyovizoea, lakini ndani yake vikapondewa karoti, maboga na koliflawa bila wao kujua. Walikula uzito uleule wa chakula na kushiba vilevile. Kalori zao, hata hivyo, zilipungua kwa 202 kwa siku katika kiwango cha kati, na 357 mboga zilipoongezwa zaidi. Tumbo hupima zaidi ujazo kuliko nishati. Mchuzi wa nyama uliotiwa biringanya, karoti na hoho kwa wingi, maharage yaliyopunguziwa tui na kuongezewa boga, au ugali mdogo kando ya rundo la matembele, vyote vinafuata kanuni hiyohiyo, na hapa hakuna sababu ya kuficha.

Sahani iliyorudi na chakula

Zaidi ya kalori, kuna heshima. "Baba Asha, mbona umeacha? Chumvi imezidi?" Sahani ikirudi jikoni na nusu ya wali, aliyepika halioni hilo kama suala la afya, anaona amekataliwa. Na nje ya nyumba wapo wanaotazama mikanda inayolegea. Katika Afrika Mashariki kukonda kuna kumbukumbu nzito: mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla Ukimwi haujaeleweka, watu wa Uganda waliuita ugonjwa huo "slim" kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa, na mwaka 1985 jina hilo likaingia katika jarida la tiba la Lancet. Ukoo ambao umewahi kumzika mtu kwa ugonjwa huo hauhitaji kufundishwa kuogopa nguo zinazopwaya. Mke ambaye mumewe anapungua anajua ataulizwa na mawifi kama anampikia.

Ndiyo maana mhadhara haufai. Anayeingia jikoni na kutangaza kwamba mafuta ni sumu anarudia kosa la ule mhadhara waliopewa wanawake wa vikundi vitatu vya Lewin, tena akiwa mgeni jikoni humo. Kinachofaa zaidi ni kumweleza mpishi sababu halisi, kwa mfano shinikizo la damu lililosomwa zahanati au goti linalouma, kisha kumwachia atumie ujuzi wake: ndiye anayejua viungo gani vitaokoa ladha mafuta yakipungua, na watoto watakubali lipi. "Mama Asha, daktari amesema nipunguze kilo tano. Tufanyeje?" ni swali linalomfanya mlinzi wa mlango awe mshirika. Na anayepikiwa naye aingie zamu, hata kama ni kwenda sokoni na kuosha mboga, kwa sababu mchicha na matembele vinataka kuchambuliwa, kazi ambayo dumu la mafuta halina.

Wapo wasiopaswa kujaribu peke yao: mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye kisukari anayetumia insulini au dawa zinazoshusha sukari, ambaye akipunguza chakula bila daktari kurekebisha dozi anaweza kuzimia. Mtu anayekonda bila kukusudia naye aende hospitali, asisubiri pongezi.

Wengine, kabla hamjanunua chai ya kupunguza tumbo, kaeni wawili na mkubaliane mambo matatu: lita ya mafuta imalizike lini, vikombe vingapi vya mchele viingie sufuriani, na mboga gani iongezwe kwenye mchuzi wa wiki hii. Andikeni tarehe kwenye dumu siku mnayolifungua, kisha mtazame siku litakapokwisha.