KAHAWA TUNAYOICHUMA, TUINYWE NA TUIJUE

Ndugu wafanyakazi wa mashamba na viwanda, wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Huku kwetu Uganda msemo huo unatupata sawasawa sisi tunaofanya kazi ya kahawa. Tunapalilia mibuni, tunachuma, tunaanika, tunakoboa na kuchambua punje kiwandani. Kisha jioni tukirudi nyumbani tunakunywa chai, au tunanunua kikopo cha kahawa ya unga iliyotoka ng'ambo. Kahawa nyingi ya nchi hii huuzwa nje, na sehemu ndogo tu hunywewa hapa. Wenzetu wa Ethiopia hawako hivyo: karibu nusu ya kahawa wanayovuna huinywa wenyewe.

Kahawa si ngeni kwetu. Robusta ni mti wa asili wa misitu yetu, na wazee wa Buganda walikuwa wakitafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa zamani kabla ya mashamba makubwa kuja. Mgeni alikaribishwa kwa buni, na watu wawili waliochanjiana udugu waligawana punje mbili za tunda moja. Kilichotupotea ni kuijua kahawa ndani ya kikombe. Na asiyeijua ndani ya kikombe atabishana vipi na yule anayempimia? Kwa sababu hiyo tunaeleza hapa mambo mawili: namna ya kutengeneza kahawa nzuri nyumbani, na faida ya ujuzi huo kazini.

KUPATA NA KUCHAGUA BUNI

Kwanza kabisa, buni ipatikane kwa njia halali. Kuchukua hata kiganja kimoja ghalani ni kumpa mwajiri sababu ya kumfukuza mtu. Nunua kwa mkulima jirani, au chuma mibuni yako ya nyuma ya nyumba.

Chuma matunda mekundu yaliyoiva tu. Yatie ndani ya ndoo ya maji. Yanayoelea yaondoe, maana ndani yake punje ni tupu au imeliwa na wadudu. Yaliyozama yaanike juu ya mkeka au kichanja, yasiguse udongo, na uyageuze kila siku. Usiku na wakati wa mvua yafunike. Robusta iliyoanikwa na ganda lake, ile tunayoiita kiboko, huchukua majuma mawili au matatu. Ukiitikisa mkononi ikalia kama njuga, imekauka. Itwange kinuni polepole, uipepete, kisha uichambue: ondoa punje nyeusi, zilizotobolewa, zilizovunjika na zenye ukungu. Punje chache mbovu huharibu chungu kizima.

KUKAANGA

Tumia kikaango kizito au chungu, juu ya makaa yaliyoshika vizuri yasiyotoa moshi. Usijaze, punje zienee chini bila kurundikana. Koroga bila kuacha. Mwanzoni utasikia harufu ya majani mabichi, kisha punje zitakuwa za manjano, na harufu itakuwa kama ya mkate. Baada ya dakika kumi hivi zitaanza kupasuka kwa mlio kama wa bisi. Hapo kaa macho. Mlio ukipungua na rangi ikawa ya hudhurungi iliyo sawa kila upande, epua. Ukingoja mpaka punje ziwe nyeusi na kutoa mafuta mengi, utakunywa ladha ya mkaa, na kahawa nzuri na mbaya zitakuwa sawa.

Zimwage mara moja kwenye ungo, uzipepete zipoe na ngozi nyembamba iruke. Usishangae uzito ukipungua: kilo moja ya punje mbichi hutoa gramu 800 hivi zilizokaangwa, kwa kuwa maji yametoka. Ziache zipumzike siku moja, kisha zitie ndani ya mkebe wenye kifuniko kinachobana, mbali na mafuta ya taa, sabuni na vitunguu. Kahawa hunyonya harufu upesi.

KUTENGENEZA

Twanga au saga ile utakayokunywa siku hiyo tu, kwa sababu unga hupoteza harufu mapema kuliko punje nzima. Kinu kiwe safi, kisiwe kile cha karanga au pilipili.

Kwa nusu lita ya maji, weka vijiko sita vya kulia vilivyosawazishwa. Chemsha maji, yaepue, ngoja nusu dakika, kisha yamimine juu ya unga. Koroga mara moja, funika, ngoja dakika nne. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba, au acha machicha yazame na umimine taratibu. Usiirudishe jikoni kuichemsha tena. Ikichemka mara ya pili uchungu huzidi. Wenzetu wa pwani huichemsha katika dele na kutia tangawizi, nao wana sababu yao: wanapenda ikolee, na huinywa kidogo kidogo katika vikombe vidogo. Lakini anayetaka kujua buni yake ikoje, ainywe kwanza bila tangawizi, maziwa wala sukari.

Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Anayeamka alfajiri kwenda zamu asiinywe usiku.

KIKOMBE KINASEMA NINI

Sasa tuje kazini. Ukizoea kahawa safi, utatambua mbovu na chanzo chake. Ladha ya majani mabichi hutoka kwa matunda yaliyochumwa kabla ya kuiva. Harufu ya ukungu hutoka kwa buni iliyoanikwa vibaya au kulazwa ghalani penye unyevu. Ladha ya siki na uozo hutoka kwa matunda yaliyorundikwa katika magunia mpaka yakapata joto na kuchacha.

Kasoro hizi ndizo zinazoshusha bei ya kahawa, na mara nyingi ndizo zinazotajwa mtu anapokatwa ujira. Lakini nani ameisababisha kila moja? Mchumaji anayelipwa kwa kilo na kuhimizwa na nyapara akamue tawi zima, hakujiamulia kuchuma mabichi. Na gunia likilala shambani kwa kuwa lori halikuja, mchumaji hana kosa.

Katika shamba moja la arabika, wachumaji walikatwa ujira msimu mzima kwa madai kwamba wanaleta kahawa mbovu. Wawakilishi wetu waliomba idhini ya msimamizi, wakatenga ndoo mbili za matunda kutoka mistari ile ile, siku ile ile. Ndoo ya kwanza ilimenywa jioni hiyo. Ya pili iliwekwa katika gunia siku mbili, kama ilivyokuwa desturi ya lori. Zote zilioshwa, zikaanikwa, zikakaangwa katika kikaango kimoja. Siku ya mkutano meneja alipewa vikombe viwili. Cha pili hakukimaliza. Makato yalisimamishwa, na lori likapangiwa kufika kila jioni.

Ndugu, hakukuwa na mgomo wala matusi katika jambo hilo. Ujuzi wa jikoni ulifanya kazi ya wakili. Tunashauri kila tawi lifanye mambo matatu: lifundishe wanachama kukaanga na kuonja, liweke daftari la saa ambayo matunda yamepimwa na saa ambayo lori limefika, na katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja, liombe kila mfanyakazi apewe kiasi cha kahawa kwa matumizi ya nyumbani, kwa maandishi, ili asishukiwe wizi.

Mali bila daftari huisha bila habari, na kazi bila ujuzi hupimwa na mwingine.

Umoja ni nguvu.