Jinsi Kompyuta Itambuavyo Uso wa Mtu

Leo tutazame jinsi kompyuta itambuavyo uso wa mtu.

Kompyuta haioni kama sisi. Kwake picha ni vitone vingi, na kila kitone ni namba ya mwanga wake. Hufundishwa kwa picha nyingi za nyuso, mpaka ijue namba za uso zilivyopangika. Basi nyuso zilizokuwa chache katika mafunzo yake huzikosea.

Joy Buolamwini, aliyekuwa mwanafunzi mweusi wa chuo cha MIT, Marekani, aligundua kuwa programu moja haikuuona uso wake mpaka alipovaa kinyago cheupe. Mwaka 2018, yeye na Timnit Gebru walizipima programu za makampuni matatu zinazopambanua wanaume na wanawake. Walitumia picha za wabunge 1,270 wa Rwanda, Senegali, Afrika Kusini na nchi tatu za Ulaya. Kwa wanaume weupe, makosa hayakuzidi 0.8 kwa mia. Kwa wanawake weusi yalifika 34.7.

Polisi wakiiamini mashine ikoseayo, asiye na hatia aweza kufungwa. Kwa hiyo ulizeni kwanza: ilifundishwa kwa nyuso za nani?